Masika Minandi Walipohama

Jumatano, 15 Februari 1956

Leo Majivu. Baada ya misa nimepita dukani kwa Bwana Faki kununua daftari hili na penseli mbili. Akaniuliza, "Barua ndefu hivi unampelekea nani, Bi Kornelia?" Nikamwambia nawaandikia ndege. Akacheka mpaka kofia ikamponyoka. Acha acheke. Yeye mtu wa pwani, hajui mwalo wetu wa wavuvi unaishije.

Naandika ili nisisahau. Marehemu baba yangu, mzee Kasmiri, alilinda Jiwe miaka ishirini na miwili na hakuandika hata neno moja. Yote alikuwa nayo kichwani, akaondoka nayo mwaka jana wakati wa kuvuna pamba. Aliniachia kigoda, debe la kupiga, na maneno machache niliyokuwa nayasikiliza nusunusu kwa sababu nilidhani yupo tu, nitamuuliza kesho. Masika haya ndiyo ya kwanza nakaa peke yangu. Nyumbani nasema Kisukuma, lakini masista walinifundisha kuandika Kiswahili, basi nitaandika Kiswahili.

Jiwe limesimama ndani ya ziwa mbele ya mwalo, refu mara mbili ya kanisa, wima pande zote, jeupe kwa mavi ya minandi. Minandi ni wale ndege weusi wanaopiga mbizi kutafuta samaki. Wapo mamia. Kukiwa na amani wanakaa kileleni wametanua mabawa wakijianika. Dhoruba ikiwa njiani, kabla mtu yeyote hajaona wingu, wanashuka kimya kimya upande wa mashariki na kubanana huko. Sisi tukitazama magharibi hatuoni kitu, rasi imeziba, na kuizunguka rasi ni nusu siku ya kukanyaga matope ya mafunjo. Ndege wanaona. Mlinzi akiona wameshuka, anapiga debe: tatu, anapumzika, tatu, anapumzika. Mitumbwi yote tisa inaacha nyavu na kurudi. Hapo hakuna kubishana. Jioni kila mtumbwi unaacha samaki mmoja karibu na kigoda. Tunamwita samaki wa Jiwe.

Mume wangu Malimi anavua pamoja na mdogo wangu Zengo, mtumbwi mmoja. Mungu hakutupa mtoto. Hao wawili ndio nyumba yangu yote.

Alhamisi, 16 Februari

Kila asubuhi kabla ya kusukuma mtumbwi Malimi ananiuliza, "Jiwe linasemaje?" Nami namjibu, "Kweupe." Baba na yeye walikuwa wanasema hivyohivyo.

Leo kweupe.

Ijumaa, 17 Februari

Kweupe. Jua kali.

Jumamosi, 18 Februari

Wamekuja Wazungu wawili kutoka Mwanza kwa Landrova, mwanamume na mwanamke. Mwanamume alikuwa amejizungushia kamba begani, mizunguko na mizunguko, na kabla hajafunga viatu vyake watu walishampa jina: Bwana Kamba. Mwanamke amevaa suruali. Yeye akawa Bibi Suruali, na akina mama wa mwalo wakaziba midomo kwa kanga.

Walitaka kupelekwa kwenye Jiwe. Konstantino, ambaye ndiye mkubwa wa mwalo, akawapa mtumbwi. Zengo alikwenda kupiga kafi. Akarudi akakaa chini kwa kucheka.

"Dada, nimewauliza mnapanda kufanya nini huko juu. Wakasema kupanda tu. Nikauliza, halafu? Wakasema, halafu kushuka!"

Walipanda mchana, mitumbwi ikiwa imeshapandishwa ufukweni. Walipigilia vyuma kwenye nyufa, ngo ngo ngo, wakapitisha kamba humo. Minandi wakaruka wote na kulizunguka Jiwe wakilalama. Baba hakuniambia cha kufanya mtu akipanda Jiwe, maana hakuna mtu aliyewahi kulipanda.

Jioni ndege walirudi. Basi.

Jumamosi, 25 Februari

Siku mbaya. Nimekasirika mpaka penseli inachana karatasi.

Asubuhi mitumbwi yote ilikuwa nje. Nilikuwa nimekaa, nimetulia, namenya mihogo. Ghafla minandi wote wakaporomoka upande wa mashariki. Nikatupa kisu, nikashika debe. Tatu, tatu, tatu. Mikono ikauma. Mitumbwi yote ikageuka, watu wanapiga kafi kama wana wazimu, wameacha nyavu na samaki ndani yake.

Wakafika. Tukasimama ufukweni tukingoja. Jua likawaka. Hata upepo wa kuyumbisha jani haukuwapo.

Halafu juu ya Jiwe vikachomoza vichwa viwili. Wazungu! Walifika alfajiri kutoka upande wa pili, wakapanda upande wa ziwa ambako siwaoni. Ndege walikuwa wanawakimbia wao.

Konstantino alinisogelea akasema, polepole, watu wote wakisikia, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, baba yako asingefanya hivi." Afadhali angenipiga kofi kuliko maneno hayo. Malimi akaingilia. "Ameona ndege wameshuka, amepiga. Ulitaka aende kuwauliza?" Watu wakacheka kidogo, lakini waliporudi ziwani walikuta samaki wote, ngege wazuri, wameoza kwa jua na mamba amepasua wavu wa Konstantino pande mbili.

Jioni Konstantino hakuleta samaki wa Jiwe. Wengine wawili nao hawakuleta.

Jumapili, 26 Februari

Nimekwenda hemani kwa Wazungu na debe langu kwapani. Sijali. Bwana Kamba alinisikiliza huku anakunja kamba, akasema kwa Kiswahili chake cha kuagizia chai, "Mama, ndege mingi, ziwa kubwa." Nilimwangalia mpaka akainama.

Bibi Suruali ndiye aliyenikalisha. Ni muuguzi huko Mwanza, Kiswahili anakijua. Nilimweleza yote: minandi, rasi, mitumbwi, debe. Hakucheka. Akaniomba nimpigie ile sauti. Nikapiga. Akachukua nyundo yake akaipiga juu ya jiwe, tatu, akapumzika, tatu. Akaniuliza, "Ni hivi, dada?" Nikasema ni hivyo. Akaahidi hawatapanda tena asubuhi, watangoja mitumbwi yote irudi.

Nilimfundisha kusema mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, naye akanifundisha fundo moja la kamba. Nimelijaribu kwenye mbuzi wa jirani. Halifunguki hata akivuta vipi. Jirani ananitafuta.

Jumamosi, 3 Machi

Wazungu wamekuja. Wametimiza ahadi, wamepanda mchana. Bibi Suruali akifika kileleni ananipungia mkono, nami nampungia. Zengo anasema tunaonekana kama watu wawili wanaofukuza nzi.

Alhamisi, 8 Machi

Mvua imeanza kweli. Huu ndio wakati wa minandi kutaga, na mayai yao nimeyaona yanaelea, yamesukumwa hadi ufukweni. Vyuma vile vimepigiliwa katikati ya viota. Ndege wamepungua. Nadhani nusu.

Jumatatu, 12 Machi

Asante Mungu! Leo saa mbili asubuhi minandi waliobaki walishuka mashariki kimya kimya kama alivyosema baba. Nikapiga. Nilisita kidogo, nitasema kweli, niliangalia kwanza kama kuna Mzungu. Hakukuwa na mtu, nikapiga. Mtumbwi wa mwisho uligusa mchanga na upepo ukaja nyuma yake. Mawimbi yalipanda mpaka kwenye vibanda vya kukaushia samaki.

Jioni Konstantino ameleta samaki wa Jiwe kwa mkono wake mwenyewe, ngege mnene. Akanishukuru, "Wabeja, mayu. Wewe ni binti wa Kasmiri kweli." Nilijikaza nisitabasamu mpaka alipogeuka. Malimi alinikonyeza.

Jumamosi, 17 Machi

Bwana Kamba amekuja na wenzake watatu. Wamepanda mchana kama tulivyokubaliana, lakini wamepiga nyundo mpaka jioni na kufunga pete kubwa ya chuma kule juu. Minandi walizunguka, wakazunguka, halafu nikawaona wanakata kuelekea visiwani, kundi baada ya kundi. Nikasema watarudi.

Jumatatu, 19 Machi

Hawajarudi. Wamebaki kumi na wawili. Hata hao ni wadogo wadogo, wanakaa popote, hawana mpango.

Jumanne, 20 Machi

Mchana imepiga dhoruba ya kung'oa bati. Kwa bahati mitumbwi yote ilikuwa ufukweni. Nimesimama kwenye mvua nikiwatazama wale kumi na wawili. Walikuwa wamekaa kileleni, mabawa wazi, mpaka upepo ulipowafagia.

Hawajui kitu. Nimekaa mbele ya Jiwe bubu.

Nimekwenda kwa Konstantino nikiwa nimelowa ili nimwambie. Kabla sijafungua mdomo akanivutia kigoda, akasema, "Afadhali umekuja. Wazee walikuwa wananisumbua kwamba kazi hii apewe mpwa wangu, mwanamume. Nimewaambia hapana. Baada ya ile ya wiki iliyopita, sisi na Kornelia tu." Mke wake akaniletea uji.

Nimekunywa uji nikarudi nyumbani. Kesho nitasema.

Jumatano, 21 Machi

Malimi: "Jiwe linasemaje?"

Mimi: "Kweupe."

Sikusema.

Alhamisi, 22 Machi

Sikusema. Nilitazama mbingu badala ya ndege. Mbingu naijua kama ajuavyo mtu yeyote, yaani hadi kwenye rasi.

Ijumaa, 23 Machi

Hivi mtu akikunyang'anya kigoda unabaki nani? Mke asiye na mtoto, anayekausha samaki. Nikiwa pale nimekaa na debe langu, wanaume wazima wananiamkia kwanza. Mwangaluka mayu, mwangaluka mayu, kutoka huku na huku. Nayaandika haya ili niyaone, na nikiyaona naona haya.

Kweupe, nikasema. Ikawa kweupe. Bahati tu.

Jumatatu, 26 Machi

Nimemfokea Malimi bila sababu. Alisahau kuniuliza leo, akasukuma mtumbwi hivihivi, nami nikamfokea kwa nini hakuuliza. Akashangaa. Akarudi majini hadi magotini, akauliza. Nikamjibu kweupe. Mungu wangu.

Alhamisi, 29 Machi

Alhamisi Kuu. Kila mtu anataka samaki kwa Pasaka, kuanzia Lamadi mpaka Bariadi, na mitumbwi inakwenda mbali kuliko kawaida, karibu na rasi. Zengo ameniletea kaptula yake nitie kiraka. Bibi Suruali amemwahidi kumpandisha Jiwe Jumatatu ya Pasaka.

"Nikifika juu, dada, nitakuangusha kwenye kazi. Nitawaambia minandi wasikusikilize."

Nilimwambia hawanisikilizi siku nyingi. Akacheka. Alidhani natania. Nilikuwa karibu sana kumwambia, neno lilikuwa hapa kwenye ulimi, halafu yeye akaanza hadithi ya Mzungu aliyekalia mavi ya ndege.

Kiraka nimeshatia.

Jumatano, 4 Aprili

Naandika leo habari za Jumamosi. Mkono haukukubali kabla ya leo.

Jumamosi asubuhi, Malimi aliuliza, nikajibu kweupe. Zengo alinirushia maji kwa kafi, akaniita mlinzi wa mavi. Wakaenda. Mitumbwi yote tisa ikaenda.

Bibi Suruali na Bwana Kamba walikuwa wamelala hemani kwa ajili ya sikukuu. Bibi akaja kwangu akauliza, "Dada, mitumbwi iko nje. Tungoje mpaka mchana?" Nami nikamwambia, "Pandeni tu."

Nitaandika kwa nini. Sikusema pandeni kwa wema. Moyoni nilijua kwamba likitokea la kutokea, watu watasema Wazungu wamewatisha ndege. Niliwapeleka juu ya Jiwe wawe kisingizio changu. Nimeshaandika, na sitafuta.

Wakapanda. Wale ndege kumi na wawili wakaruka, wakaenda zao. Jua lilikuwa linawaka. Baadaye nikamwona Bibi Suruali kileleni ananipungia mkono. Nikampungia. Akaendelea kupunga, mikono yote miwili. Nikasema moyoni, leo amefurahi huyu, nikampungia tena kwa kanga. Nilisimama pale nikipunga kanga kama bibi harusi.

Ndipo nikasikia nyundo. Ngo ngo ngo. Kimya. Ngo ngo ngo. Kimya. Ngo ngo ngo.

Sikufikiri. Mikono ilishika debe yenyewe. Nilipiga mpaka likabonyea. Naiona mitumbwi inageuka, mmoja, wa pili, wa tano. Wingu likatokea juu ya rasi, jeusi, chini yake ziwa jeupe. Nikahesabu mitumbwi inayoingia huku napiga. Nane. Nikahesabu upya. Nane.

Wao walikuwa mbali kuliko wote.

Upepo ulipofika sikuona tena kitu, wala Jiwe lenyewe. Konstantino na wengine walinishika, kwa sababu nilikuwa nimeshaingia majini hadi kifuani na debe langu.

Mvua ilipopungua tuliona watu watatu kwenye ukingo mdogo chini ya Jiwe. Konstantino alikwenda mwenyewe na wanaume wanne. Watatu hao walikuwa Bibi Suruali, Bwana Kamba na Malimi. Mtumbwi ulipinduka, mawimbi yakawasukuma kwenye Jiwe. Bwana Kamba alifungwa kamba kiunoni, Bibi akamshusha ndani ya mawimbi, akampata Malimi kwa shati. Akashuka tena mara mbili kumtafuta Zengo. Viganja vyake vimechunika, nyama inaonekana. Bwana huyu niliyemwona hana maana alikuwa analia akisema, "Mama, pole, mimi tafuta, mimi tafuta."

Zengo amepatikana jana kwenye mafunjo upande wa Kiloleli. Tumemzika leo.

Alhamisi, 5 Aprili

Watu wanakuja kunipa pole. Wote wanasema neno moja: Wazungu wamemuua mdogo wako, wamefukuza ndege. Konstantino anataka kwenda Bariadi kuwashtaki kwa serikali. Kila anayesema hivyo ananishika mkono, nami naacha nishikwe.

Ijumaa, 6 Aprili

Malimi hajaamka kitandani, kifua kinamuuma. Amesema, "Wale Wazungu ndio walionitoa majini. Lakini kama wasingefukuza ndege, nisingekuwa majini." Akaniangalia, anangoja nikubali.

Nikamwambia nakwenda kuchota maji.

Jumamosi, 7 Aprili

Nimesema.

Bibi Suruali alikuja kuhani, peke yake, amevaa gauni. Watu wa mwalo wakamzunguka. Konstantino akamwambia asikanyage hapa tena, na kwamba damu ya Zengo iko kwenye nyundo yao. Yeye hakujitetea. Angeweza kusema, "Kornelia aliniruhusu." Alinitazama mara moja, akatazama chini.

Hapo nikashindwa. Nikasimama, nikasema kwa Kisukuma ili kila mtu aelewe. Nikasema ndege walihama tangu tarehe kumi na saba ya mwezi wa tatu. Nikasema wale kumi na wawili hawakuwa na habari, nilijua, na niliendelea kukaa na kusema kweupe. Nikasema mimi ndiye niliyewaambia pandeni, na kwa nini. Nikasema nyundo ndiyo iliyoita ile mitumbwi minane, si mimi.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja alilia tu, "Kornelia, Kornelia." Konstantino alichukua debe lililobonyea, akaondoka nalo.

Malimi alikuwa amejikongoja mpaka mlangoni, amesikia.

"Kila asubuhi nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Ukaniambia kweupe."

"Ndiyo."

Akachukua mkeka wake akaenda kwa kaka yake, Mkula. Pole pole, kwa sababu ya kifua. Nilitaka kumbebea mkeka, akaukumbatia.

Jumapili, 8 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 12 Aprili

Mvua. Mitumbwi inavua karibu karibu tu, wanapata furu wadogo. Hakuna mlinzi. Mpwa wa Konstantino alikaa kwenye kigoda siku mbili akaacha. Amesema hakuna cha kulinda.

Jumatano, 18 Aprili

Mtumbwi mmoja ulikwenda mbali kwa njaa, ukapigwa na upepo. Wamepona kwa kushikilia makafi. Watoto wa yule mvuvi walisimama ufukweni bila sauti. Nilikuwa nyuma ya kibanda changu, sikuthubutu kusimama nao.

Jumamosi, 21 Aprili

Bibi Suruali amekuja. Nilimuuliza swali ambalo limenikaa kooni wiki tatu: siku ile aliliona wingu saa ngapi?

Alisita. Nikamwambia asinihurumie. Akasema, "Nilipofika tu juu. Lilikuwa mbali sana, nyuma ya rasi, dogo. Nilikupungia mkono muda mrefu. Ulipokuwa unanipungia nikakumbuka kwamba huwezi kujua. Ndipo nikachukua nyundo."

Tukakaa. Alikuwa analia, mimi sikulia, nilikuwa nafikiri. Kwa hiyo kutoka kule juu binadamu anaona wanachoona minandi. Muda wote huo tulikuwa tunawategemea ndege kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa mahali pao.

Nikamwambia anifundishe kupanda.

Jumapili, 22 Aprili

Nimekwenda kwa Konstantino. Alinisikiliza akiwa amesimama, hakunikaribisha kuketi.

"Mwanamke juu ya Jiwe?"

"Mwanamke ndiye aliyekurudisha nyumbani Jumamosi Kuu, tena alikuwa juu ya Jiwe."

"Ebo! Na ukianguka?"

"Mtakuwa mmepoteza mtu msiyemtaka."

Akasema, jaribu, sitakuzuia wala sitakusaidia.

Jumamosi, 28 Aprili

Nimepanda hadi kimo cha dari ya nyumba. Nikashindwa, nikashuka. Nimevaa kaptula ya Zengo, ile yenye kiraka. Nguo nyingine hainifai, na akina mama wameacha hata kuziba midomo.

Jumamosi, 5 Mei

Nusu ya Jiwe. Magoti yamechubuka. Bibi Suruali amepitisha kamba ndefu kwenye ile pete kubwa kule juu, ncha mbili zinafika chini. Moja ninafungwa mimi kwa fundo lile la mbuzi, ya pili inashikwa na mtu aliyesimama ukingoni. Nikiteleza, yeye ndiye Mungu wangu. Kamba ametuachia. Wiki mbili zijazo ana zamu hospitali, kwa hiyo atafutwe mtu wa kushika. Nimeuliza mwalo wote. Kila mtu ana kazi.

Jumapili, 13 Mei

Nimemtumia Malimi salamu huko Mkula. Sikumwomba arudi. Nilisema tu natafuta mtu wa kushika kamba.

Hakuna jibu.

Jumamosi, 19 Mei

Alfajiri nimelikuta debe mlangoni. Limenyooshwa, na limefungwa kamba ya kulining'iniza mgongoni. Konstantino hakubisha hodi.

Nikaenda ufukweni nikiwa sina wa kunishikia, nimeamua nitafunga ile ncha kwenye mwamba, liwe liwalo. Malimi alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi aliouazima Mkula, kafi mapajani. Amekonda. Nikamwamkia, akaitikia. Alitazama kaptula, akaitambua, uso ukamkunjamana kama mtu aliyekanyaga mwiba. Akapiga kafi mpaka tukafika kwenye Jiwe.

Palepale ukingoni alipotolewa majini, alisimama akajizungushia kamba kiunoni na kukaza miguu.

"Nimeshika," akasema. "Panda."

Nikapanda. Sitaandika nilivyoogopa. Nilishika chuma kimoja, kingine, nikapita kwenye viota vitupu, debe linanigonga mgongoni. Mara moja mguu uliponyoka, nikaning'inia na kupiga kelele, lakini kamba haikulegea hata kidogo.

Kule juu pana upana wa mkeka mmoja. Nikasimama, nikatazama magharibi.

Rasi iko chini. Yaani chini kabisa, unaivuka kwa macho. Nyuma yake nimeona maji ambayo sijawahi kuyaona tangu nizaliwe, yanakwenda hadi mwisho wa macho, na visiwa, na mvua ndogo iliyokuwa inanyesha mbali kabisa. Nikahesabu polepole mpaka mvua ile ikasogea upana wa kidole. Wingu lililomchukua Zengo lingeonekana kutoka hapa nusu saa nzima. Nusu saa ingetosha.

Nimelia huko juu, nimemlilia kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kunisikia ila mmoja aliyekuwa chini na kamba mkononi.

Mitumbwi minane ilikuwa imepangana ufukweni, watu wamesimama ndani yake, wote wanatazama juu. Hakuna aliyesukuma. Walikuwa wanangoja.

Malimi akaita kutoka chini, "Jiwe linasemaje?"

Mvua ile ilikuwa inakwenda kaskazini, haitufikii.

"Kweupe!"

Halafu akauliza, "Kweli?"

Zamani asingeuliza.

"Ngoja," nikamwambia, "nitazame tena."

Nikatazama tena.